Kilomita 500 Nyuma ya Pikapu ya Mjomba

Kwa siku mbili nzima sikuwa na kingine cha kutazama ila mlango wa nyuma wa Hilux ya mjomba. Herufi Y ilidondoka zamani, limebaki neno TO OTA, na chini yake pana kutu iliyojichora kama ramani ya Ziwa Tanganyika. Hadi leo nikifumba macho naiona. Ilikuwa mita tatu mbele yangu kutoka Ipogolo, Iringa, hadi Mbezi, Dar es Salaam, na mimi nimeshika usukani wa gari lililokufa injini.

Chanzo ni ubishi wangu. Agosti 2019 tulikwenda Mafinga kwenye arobaini ya bibi. Wakati wa kurudi, tumeshaipita Ifunda, mshale wa joto ukaanza kupanda. Mama akaniambia, "Baba, simama." Nikamjibu nitasimama Tanangozi, kuna mafundi. Sikufika. Mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka, maji yameisha, na injini ikanoki kwa mlio ambao mtu akiusikia mara moja hausahau. Gari lenyewe ni GX 100, Mark II ya silinda sita, gia otomatiki, inayosukumwa na matairi ya nyuma. Hilo la matairi ya nyuma liweke akilini, ndilo lililotaka kuniponza mara ya pili.

Mjomba anaishi Iringa na ana Hilux ya zamani ya dizeli, ile ya injini ya 3L, cc 2,800 kasoro kidogo. Alikuja na kamba ya katani ya kufungia mizigo. Kwa vile giza lilikuwa linaingia na baridi ya Iringa ya Agosti haina utani, tukafunga kamba pale mkono ulipofika chini ya bampa, gia nikaweka N, tukaondoka. Kilomita kama 40 tu, tulisema.

Katika hizo 40 tulifanya makosa yote yanayoweza kufanywa. Kamba tuliifunga kwenye stabilaiza, kile chuma chembamba kinachozuia gari kulala kwenye kona, badala ya kwenye pete ya kuvutia iliyochomelewa kwenye chesisi, na stabilaiza ikapinda. Mjomba akiondoka, kamba inajikaza ghafla, shingo inarudi nyuma. Akipunguza mwendo, kamba inalegea na kuburutika chini, na mimi ninamfuata kwa kasi ileile kama ng'ombe aliyeona maji. Mara mbili niliikanyaga kwa tairi. Mara ya tatu ilikatika, na kulabu ya chuma aliyokuwa ameifunga upande wake ikaruka na kuingia kwenye taa yangu ya kushoto. Ingekuja juu kidogo ingeingia kwenye kioo, na nyuma ya kioo nilikuwa mimi.

Tangu siku ile, nikimwona mtu anavuta gari kwa kamba yenye kulabu, namwambia atupie koti zito au gunia katikati ya kamba. Ikikatika, lile gunia linaikalisha chini. Mjomba alikuwa analijua hilo miaka yote, ila alilikumbuka baada ya taa kuvunjika.

Fundi wa Iringa alifungua injini kesho yake asubuhi. Hedi imepinda, pistoni mbili zimekwaruza. Kuitengeneza pale kulikuwa kutupa hela. Dar ningepata injini nzima ya mtumba kutoka Japani, na fundi wangu ninayemwamini yuko huko. Tukauliza bei ya brekidauni, lile gari la kubebea magari mabovu. Tukatajiwa milioni moja na laki mbili. Tukabembeleza, haikushuka. Mjomba akanywa chai yake taratibu, akasema, "Mjomba, tutavuta wenyewe. Lakini safari hii tunavuta kama watu wenye akili."

(Ndiyo, mimi namwita mjomba, naye ananiita mjomba. Ndivyo tulivyo.)

Akili ya kwanza ilikuwa propela, lile bomba la chini ya gari linalopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi matairi ya nyuma. Gia boksi ya otomatiki ina pampu yake ya oili, na pampu hiyo inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa halafu matairi ya nyuma yanabiringika, yanaizungusha propela, propela inazungusha vyuma vya ndani ya gia boksi, na huko hakuna oili inayosukumwa. Vyuma vinasagana vikavu. Kuweka N hakusaidii kitu kwa safari ndefu. Fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili ya gia boksi, akanusa, akanipa na mimi ninuse. Ilikuwa na harufu ya kuungua kwa mbali, ila rangi bado nyekundu. "Kilomita 40 zimekusamehe," akasema. "500 hazitakusamehe."

Alitaka kufungua bolti nne za upande wa difu tu, kule nyuma kwenye ekseli, halafu propela aining'inize kwa waya chini ya gari. Mjomba akakataa katakata. Waya ukikatika njiani, ile propela inaanguka na kuburutika kwenye lami huku ikipigapiga chini ya gari. Ikatolewa yote. Kabla ya kuitoa fundi alikwaruza alama kwa patasi kwenye flenji, ili Dar irudishwe palepale ilipokuwa, maana ikirudi imegeuka gari linatetemeka mwendo ukikolea. Tundu lililobaki nyuma ya gia boksi alilifunga kwa mfuko wa nailoni na mpira wa tyubu ili oili isimwagike. Gari lako likiwa linavutwa na matairi ya mbele, habari ni nyingine: hapo unanyanyua mbele. Na kama ni la matairi yote manne, usijisumbue, lipa brekidauni.

Akili ya pili ilikuwa kuachana na kamba. Mchomeleaji wa Ipogolo alitukatia bomba nene la chuma la mita tatu, akachomelea masikio kila upande, na pini mbili nene zenye kifungio. Masikio ya mbele yakaingia kwenye ndoano ya pikapu, ya nyuma kwenye pete ya chesisi ya gari langu. Katikati tukafunga khanga nyekundu ya shangazi, kuukuu lakini nyekundu kweli.

Akili ya tatu sikuielewa mpaka tulipofika mteremko wa Kitonga. Mjomba alipakia gunia tano za mahindi kwenye pikapu, akazipanga nyuma kabisa juu ya ekseli. Nikamwambia, mjomba, si tunaiongezea mzigo pikapu? Akasema pikapu tupu ni nyepesi makalio. Gari la zaidi ya tani moja na robo likiisukuma kutoka nyuma kwenye kona, matairi yake ya nyuma yanateleza na inageuka kutazama ilikotoka. Mahindi yenyewe yalikuwa ya ndugu zetu wa Kimara, kwa hiyo hakuna kilichoharibika.

Mama alitaka kupanda gari lake alilolizoea. Mjomba akamkatia tiketi ya basi. Kwenye gari linalovutwa anakaa mtu mmoja, anayeshika usukani, basi.

Kabla ya kuwasha, mjomba alikuja dirishani kwangu. Akanipa ishara zake: mkono nje umefunguliwa, kiganja chini, ni punguza, ngumi ni simama. Zangu: honi moja, punguza, honi ndefu, kuna tatizo, simama. Simu tusizitegemee, mtandao ukikatika Kitonga nani atakuokoa? Kisha akasema jambo ambalo ndilo safari yote: "Chuma kivute, kisisukume. Mimi ni injini, wewe ndiye breki. Ukiniachia mimi kazi ya breki, tutazikwa wote."

Nilidhani anatia chumvi. Nilipofika Ilula nilikuwa nimeshaelewa. Zile pini zilikuwa na uwazi kidogo ndani ya masikio. Pikapu ikivuta, chuma kinakaa kimya. Pikapu ikipunguza na mimi nikachelewa kukanyaga, kinagonga: kong. Maana yake chuma kimeacha kuvuta, sasa mimi ndiye ninayemsukuma. Nikianza kukanyaga kidogo mapema, hakigongi. Basi nikawa naendesha kwa sikio. Redio hakuna, injini hakuna, ni mimi na ile kong. Pale Ilula penye matuta, kati ya matenga ya nyanya, niliisikia labda mara 20. Mara ya 21 sikuisikia, nikajisifu peke yangu kwa sauti.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni uzito wa kila kitu. Busta ya breki inategemea upepo unaofyonzwa na injini. Injini ikiwa imezimwa, unapata breki laini mara mbili au tatu, kisha pedali inakuwa jiwe. Breki ipo, ila unaikanyaga kwa nguvu ya paja. Usukani nao uleule, pampu yake haizunguki. Nilisogeza kiti mbele mpaka magoti yakakaribia dashibodi. Na ufunguo uko kwenye swichi muda wote, umewekwa ON, usiguswe: ukiuchomoa usukani unajifunga, na hapo hata mjomba hawezi kukusaidia.

Juu ya Kitonga tulisimama. Mjomba akazunguka magari yote mawili, akapiga pini kwa nyundo, akagusa rimu zangu kwa nje ya kiganja. Akasema tutashuka namba mbili, pikapu haitazidi mwendo wa mtu anayekimbia, na mwenye haraka atatupita akitaka.

Wanaoijua Kitonga wanaijua. Kwa asiyeijua: barabara ya Tanzania na Zambia inashuka ukingo wa mlima, mwamba upande mmoja, bonde upande wa pili, kona juu ya kona, na malori ya Tunduma yanapanda yakinguruma kama yanakata roho. Semitrela likiingia kwenye kona linahitaji barabara yote. Unalisikia kabla ya kuliona. Mjomba akitoa kiganja, nakanyaga kwa miguu miwili, mgongo umeegemea kiti, na najisikia nimekuwa sehemu ya ile breki. Kong moja ilitokea kwenye kona ya kushoto, nilikuwa nimechungulia bonde sekunde moja tu. Nikaona makalio ya pikapu yanasogea pembeni, kidogo, labda upana wa kiganja, kisha yale mahindi yakayakalisha. Sikuchungulia tena. Kuna nyani walikuwa ukingoni wanatutazama, na nakumbuka nilijisikia aibu mbele yao.

Tulipofika chini, miguu yangu ilikuwa inatetemeka hata nikashindwa kusimama vizuri. Matairi ya mbele yalikuwa yanatoa moshi mwembamba na harufu ya pedi kuungua. Kijana mmoja akaja mbio na ndoo ya maji, moyo mzuri kabisa. Mjomba akamzuia kwa mikono miwili. Diski ya moto ikimwagiwa maji baridi inapinda, na baada ya hapo kila ukikanyaga breki usukani unacheza ngoma. Tukakaa chini ya mbuyu karibu saa nzima. Akina mama wa Ruaha Mbuyuni wakatuletea vitunguu dirishani, "Kamwene, chukua hata kifungu," tukachukua vifungu viwili, vikaenda juu ya mahindi.

Kutoka hapo hadi Mikumi barabara ni nzuri na mto Ruaha unaonekana kwa vipande. Mateso yalikuwa moshi. Dizeli ya 3L inayovuta mzigo inatema moshi mweusi moja kwa moja kwenye pua ya aliye nyuma. Nikifunga vioo nachemka, nikifungua nakohoa. Nilijifunga leso usoni, trafiki mmoja akanitazama kama jambazi.

Karibu na Mikumi, jua linaelekea kuzama, nikapiga honi moja. Ikatoa sauti ya mbuzi mgonjwa. Nikabonyeza tena, kimya. Betri. Tulikuwa tumewasha hazadi tangu asubuhi, taa za breki zinawaka kila dakika, swichi iko ON, na hakuna alteneta ya kurudisha hata tone. Nilikuwa gari lisilo na taa ya breki, lisilo na indiketa, lisilo na sauti, vioo vya umeme vimekwama nusu, na mbele yetu hifadhi. Bahati mjomba alinitazama kwenye kioo kwa wakati, nikampungia leso.

Hapo hatukubishana. Barabara kuu inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50, na usiku wanyama wanaivuka watakavyo. Ukimgonga unalipa, kila mnyama na bei yake. Gari moja likifunga breki ghafla mbele ya pundamilia ni habari ya kawaida. Magari mawili yaliyounganishwa kwa bomba ni habari ya msiba. Tukalala Mikumi. Betri tukaichomoa tukaipeleka kwa kijana anayechaji, ikalala kwenye chaja yake. Kama ningejua ningebeba betri ya pili, au ningechukua waya mrefu na taa mbili za kufunga nyuma ya gari langu zinazokula umeme wa pikapu. Mjomba alisema madereva wa trela wanafanya hivyo. Nikamuuliza mbona hakusema Iringa. Akasema alidhani betri yangu ni nzima.

Asubuhi tulivuka hifadhi polepole. Twiga watatu walisimama kando ya lami, na mjomba akatoa ngumi dirishani mapema mno, nafikiri alitaka tu kuwatazama. Swala wengi, tembo mmoja kwa mbali. Mimi nilitazama TO OTA.

Baada ya Morogoro, jirani na Mikese, askari wa barabarani alitusimamisha. Alikuwa mama mtaratibu. Leseni ya mjomba hakuiangalia sana. Akaja kwangu: "Na yako?" Nikasema, mama, mimi navutwa tu. Akanijibu, "Umeshika usukani, unakanyaga breki. Wewe ni dereva, si abiria." Nikatoa leseni. Akauliza pembetatu iko wapi, mjomba akaitoa chini ya kiti cha pikapu. Akatuamuru tuifunge nyuma ya gari langu, kwenye buti, badala ya kuilaza chini ya kiti, kwa sababu taa zangu hazieleweki. Hakututoza. Ushauri ule ulitufaa, maana kufika Chalinze honi ilishaanza tena kulia kama mbuzi.

Nilidhani Kitonga ndiyo kazi. Kumbe kazi ilikuwa Kibaha hadi Mbezi, jioni, foleni. Kwenye mlima adui ni mmoja na unamjua. Kwenye foleni kila mtu anaona nafasi ya mita tatu kati ya pikapu na gari langu na anadhani ni yake. Bajaji mbili zilijaribu kuingia. Bodaboda mmoja aliingia kabisa, akaliona bomba tumbo la pikipiki likiwa karibu kuligusa, akabaki amesimama katikati kama amekalia ua, tukangoja ageuke, nyuma yetu honi za dunia nzima. Pale stendi ya Mbezi mama mwenye beseni la maandazi alinyanyua mguu avuke juu ya bomba akidhani tumeegesha. Mjomba alikuwa ameshaachia klachi. Nilitoa kichwa nje nikapiga kelele ambazo sijawahi kupiga tangu shule ya msingi. Ile khanga nyekundu ya shangazi ilikuwa imeshakuwa nyeusi kwa moshi, hakuna aliyeiona. Laiti tungeifua Mikumi.

Kuondoka na kusimama, kuondoka na kusimama, saa mbili na nusu. Pikapu ilianza kutoa harufu nyingine, sio ya breki. Nikaitambua, nikanyamaza. Mjomba naye alinyamaza.

Tulifika kwa fundi usiku. Propela ikashushwa kutoka juu ya mahindi, alama ya patasi bado inaonekana. Injini ilipatikana baada ya wiki moja, na gia boksi ilikuwa salama, hiyo ndiyo furaha yangu kubwa kuliko zote. Pedi za mbele zilikuwa zimeisha zikawa kama karatasi.

Nilipiga hesabu. Dizeli ya kwenda na ya mjomba kurudi, laki mbili na nusu. Bomba na kuchomelea, 60,000. Kulala Mikumi vyumba viwili, 40,000. Fundi wa propela 20,000, pedi 45,000, chaji ya betri na chakula 30,000, na laki moja niliyomshikisha mjomba mkononi akiikataa huku akiiweka mfukoni. Jumla 545,000. Nikawatangazia watu wote kwamba nimeokoa zaidi ya laki sita na nusu.

Wiki mbili baadaye mjomba akapiga simu. Akaulizia injini, akaulizia watoto, akaulizia vitunguu kama viliisha. Kisha akasema klachi ya pikapu imemalizika, ameishusha, na sahani na preshapleti na fundi, vyote pamoja, ni 380,000.

"Sikudai, mjomba," akasema. "Nakutaarifu tu."

Nikamtumia usiku uleule. Bomba bado liko kwake, na juzi kaniambia kuna jirani amekuja kuliazima, anataka kuvuta Noah otomatiki hadi Dodoma. Nikamuuliza, na propela? Akasema Noah hiyo inavutwa na matairi ya mbele, na jirani hana cha kunyanyulia, amembishia asubuhi nzima. Bomba amelificha chini ya kitanda.